Likizo Kubwa Imefika: Mwanafunzi Achague Kazi Gani?

Mwezi wa Julai mwaka 2022 tulikuwa Banalia, kilomita 128 kaskazini ya Kisangani, tukingoja kuvuka Mto Aruwimi. Asiyepajua mahali pale aweza kudhani kwamba kivukoni ni pa kupita tu. Sivyo. Ndipo zikutanapo habari zote za barabara ya Buta: malori yaliyochoka, baiskeli zilizobeba mitungi ya mafuta ya mawese, akina mama na mikungu ya ndizi, na, ikifika likizo kubwa, wanafunzi watokao mjini na mabegi yao mgongoni.

Siku ile walikuwapo vijana wawili, wote wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Kisangani, wote wana wa nchi ile ya Aruwimi. Mmoja alishika sururu mpya, ambayo mpini wake ulikuwa bado mweupe. Mwenzake alikuwa na gunia tupu lililokunjwa, na chini ya kwapa daftari moja. Wa sururu alikuwa akienda Panga, upande wa machimbo. Wa gunia alikuwa akivuka kwenda kijijini kwa mama yake, ambako mpunga ulikuwa umeiva.

"Jambo, baba," alitusalimu yule wa sururu.

"Jambo, mwana. Safari ya wapi na chuma hicho?"

"Natafuta minervali, baba. Nadaiwa nusu ya mwaka uliokwisha, na mwaka mpya waja. Shambani hakuna falanga."

Kando yake alisimama mama yake, ambaye alikuwa amekuja kumsindikiza. Hakulia wala hakupiga kelele. Alitutazama, akasema, "Semeni naye ninyi, baba. Maneno yangu yamekwisha."

Nasi, tukiri bila haya, hatukuwa na jibu zima la kumpa. Pikipiki ya kumchukua ilikuwa ikiunguruma, na mwenye pikipiki akiita. Tulimwambia maneno mawili matatu ya uangalifu, akaitikia kwa adabu, akapanda. Tangu siku ile swali lake limetukaa moyoni. Ndilo twalileta leo mbele ya wasomaji, kwa kuwa twajua nyumba nyingi ambamo swali hilohilo huulizwa usiku, watoto wadogo wakiisha kulala.

FEDHA SI AIBU

Wako watu wazima wapendao kuwaambia vijana kwamba mwanafunzi asiwaze fedha, awaze vitabu tu. Wasemao hivyo, mara nyingi, walilipiwa masomo na mtu mwingine. Katika nchi yetu shule za msingi za serikali hazitozi karo tangu Septemba 2019, na hilo ni jambo kubwa. Lakini katika sekondari na chuo kikuu mzazi bado hutoa mkononi mwake. Mahali ambapo mazao ya mwaka mzima huishia katika chumvi, sabuni na dawa, kijana mwenye nguvu anayekaa likizo yote chini ya mwembe akingoja baba amtafutie, huyo ndiye wa kuonewa haya. Basi hatumlaumu mtu yeyote kwa kutafuta fedha. Neno letu liko mahali pengine.

Mwanafunzi wa sekondari ana majuma nane au tisa ya likizo kubwa, tangu mwanzo wa Julai hadi mwanzo wa Septemba. Mwanafunzi wa chuo hana hakika hiyo, kwa maana kalenda ya vyuo vyetu haikai mahali pamoja: mwaka mmoja likizo huja mapema, mwaka mwingine huchelewa mpaka mtu akasahau kama ilikuwapo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua, kabla hata ya kuuliza malipo, ni siku gani masomo yataanza tena. Kazi ya likizo ina mpaka wake. Ikiuvuka mpaka huo si kazi ya likizo tena. Ni kuacha shule kwa jina jingine. Sisi twaona kwamba kazi yote ya mwanafunzi ipimwe hapo kwanza: je, siku ya kwanza ya masomo itamkuta darasani, na mkononi ana kitu ambacho hakuwa nacho alipoondoka?

HESABU YA SHIMO

Tuyatazame machimbo kwa kipimo hicho, bila chuki.

Kijana wa mjini husikia habari za yule mmoja aliyepata. Hasikii za wale waliokuwa pamoja naye katika shimo lilelile. Shimoni hakuna mshahara wa mwezi. Mwenye shimo hutoa chakula, chepe na ndoo, naye huandika kila kitu katika daftari lake. Wachimbaji huondoa udongo wa juu, siku kumi, siku ishirini, mpaka waifikie changarawe yenye madini. Ndipo changarawe hugawanywa, kila mtu akaoshe fungu lake. Fungu likiwa na kitu, hukatwa kwanza deni la chakula. Lisipokuwa na kitu, deni hubaki palepale.

Basi mwanafunzi afikaye Julai huenda akaimaliza Julai nzima akitoa udongo na kuchota maji, na changarawe ikaanza kuonekana mwisho wa Agosti. Nani hapo ataliacha fungu lake na kurudi darasani? Mtego uko hapo, wala si katika uvivu au ubaya wa vijana. Kila siku anayozidi kukaa humfanya aone kwamba kuondoka leo ni hasara kubwa kuliko kuondoka jana. Ndivyo likizo ya majuma tisa iwezavyo kugeuka kuwa mwaka, na mwaka kuwa miaka mitatu, na yule aliyekuwa "mwanafunzi aliyekuja kwa muda" akawa mwenye shimo yeye mwenyewe, akiwaandikia wengine madeni.

Tena iko sheria. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, humruhusu kuchimba kwa mkono Mkongo aliye mtu mzima na mwenye karata yake. Mtoto wa sekondari ambaye hajatimiza miaka 18 hana ruhusa shimoni, hata kama mzazi amekubali. Na mahali pengi penye dhahabu hutumiwa zebaki ili kuzikusanya chembe ndogo. Kisha donge lile huchomwa motoni ili zebaki iondoke. Huondoka kweli, lakini huondoka kwa mvuke, na mvuke huo huingia kifuani mwa yule aliyeinama juu ya moto. Huharibu figo na mishipa ya fahamu polepole, na mtu hajui sababu ya mikono yake kutetemeka.

Jambo la mwisho juu ya machimbo watu wa Banalia hawahitaji kuambiwa na gazeti, lakini twawaandikia pia wasomaji wa mbali. Mwezi wa Juni mwaka 2021 mchimbaji mmoja wa Panga alishikwa na homa, akafa baada ya siku chache. Wengine wakafuata. Vipimo vya maabara vilipelekwa mbali, hadi Institut Pasteur ya Paris, na huko ilithibitishwa kwamba ni homa ya uti wa mgongo, ambayo waganga huiita menenjiti. Ilipotangazwa rasmi, tarehe 8 Septemba 2021, watu 261 walikuwa wamehesabiwa kuwa wanashukiwa kuugua, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa: karibu nusu.

Zitazameni tarehe hizo. Julai na Agosti kwa kawaida ndiyo miezi ya likizo kubwa. Maradhi haya hupita kwa mate na pumzi kati ya watu walalao wamebanana, na kibanda cha machimboni, ambamo watu wengi hulala chini ya turubai moja na kunywa katika kikombe kimoja, ni mahali yanapostawi. Kisha kila aondokaye huyabeba hadi kwao. Kufika Desemba mwaka ule walioshukiwa kuugua walikuwa wamepita 2,600, na waliokufa wamepita kidogo 200. Msomaji mwenye jicho la hesabu ataona kwamba sehemu ya wafao ilikuwa imeshuka sana. Sababu si fumbo: wagonjwa walitafutwa mapema, hata wale wa shaka tu wakahesabiwa, dawa zikafika, na mwezi wa Oktoba watu wakachanjwa. Na kutafuta wagonjwa mapema maana yake ni mtu fulani, mwenye miguu na kalamu, kwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza: nani ana homa, nani shingo imemkazika, tangu lini? Kazi hiyo tutairudia chini.

GUNIA TUPU

Yule kijana wa pili, mwenye gunia, tulivuka naye. Alikuwa akisoma kilimo. Mtoni tulimwuliza daftari lile ni la nini, naye akatufungulia.

Nchi ya Banalia na Bengamisa ni nchi ya mpunga wa nchi kavu, ule upandwao palipokatwa msitu, usiongoja mafuriko ya mto. Wa msimu wa kwanza huiva kuelekea katikati ya mwaka. Akina mama huuvuna suke kwa suke kwa kisu kidogo, huuanika, huupura. Halafu huja mnunuzi na gari lake, mavuno yakiwa bado yamo uani na deni la duka likisubiri, na mpunga huuzwa pamoja na maganda yake, kwa bei aitakayo mnunuzi.

Kijana alikuwa ameandika hivi: kilo 100 za mpunga, zikikobolewa kwa mashine, hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Chini yake aliandika bei ya mpunga kando ya barabara na bei ya mchele sokoni Kisangani. Chini yake tena akaondoa: ada ya mashine, malipo ya baiskeli au lori, vizuizi vya barabarani (hivi aliviandika kwa wino mwekundu), na mchele unaovunjika. Alikuwa amejifunza chuoni kwamba mpunga usiokauka vizuri, ukipita asilimia 14 ya maji, huota ukungu ghalani, na uliokauka kupita kiasi juani hukatika mashinani. Kwa hiyo aliazimia kumwomba mama yake auanike taratibu, akiugeuza mara kwa mara, wala asiulundike ukiwa mbichi.

Baki lililobaki mwisho wa ukurasa halikuwa kubwa. Alituonyesha bila kujisifu. Lakini lilikuwa kubwa kuliko lile alilopata mama yake mwaka uliotangulia, na kazi yote ilikadiriwa kuisha kabla ya mwisho wa Agosti.

"Na mama amekubali?" tuliuliza.

"Mama amekubali, baba. Mjomba ndiye bado. Asema tangu zamani mpunga wauzwa uani, na mtoto aliyekwenda shule hawezi kuja kufundisha watu wazima kuuza."

"Utamwambiaje?"

"Nitamwomba magunia mawili tu ya kujaribia. Mengine auze kama alivyozoea."

Twasema ukweli: jibu hilo lilitupendeza kuliko hesabu yenyewe. Wako wanafunzi wengi wenye elimu nzuri iliyowafanya wasisikilizwe na mtu nyumbani, kwa sababu waliileta kwa sauti kubwa. Huyu aliomba magunia mawili.

Hatutaki hata hivyo kuwadanganya wasomaji. Shamba nalo hutupa mtu. Mvua yaweza kunyesha siku za kuanika, lori laweza kuharibika njiani mchele ukalala siku nne matopeni, bei yaweza kuanguka kwa sababu wote wameleta siku moja. Mwanafunzi asiende shambani akidhani kwamba atarudi na fedha kama za hadithi. Tena apatane na wazazi mapema: sehemu ipi ni ya nyumba, sehemu ipi ni ya minervali. Ugomvi mwingi wa Septemba hutokana na maneno ambayo watu waliona haya kuyasema Julai.

KAZI MOJA YA KIANGAZI

Labda mtu atauliza: je, kazi ya majuma machache yaweza kumfaa mtu maisha yake yote? Yaweza, nasi tuna mfano wa Mwafrika mwenzetu.

Wangari Maathai alizaliwa Kenya, upande wa Nyeri, mwaka 1940, akalelewa shuleni na Masista. Mwaka 1960 alikuwa mmoja wa vijana wa Afrika Mashariki waliopata nafasi ya kusoma Marekani, akaingia chuo cha Kikatoliki cha Mount St. Scholastica, mjini Atchison katika jimbo la Kansas, kusoma elimu ya viumbe. Likizo ya kiangazi kule ni ndefu, na mwanafunzi asiye na ndugu karibu hana budi kujitafutia. Katika kiangazi kimoja alipata kazi katika maabara ya hospitali, huko Kansas City. Haikuwa kazi ya sifa. Alijifunza kutayarisha vipande vya viungo vya mwili: kuvilinda visioze, kuvitia katika nta, kuvikata vyembamba mno, ili waganga wavitazame kwa hadubini na kujua ugonjwa.

Baada ya kumaliza chuo mwaka 1964 aliendelea na masomo Pittsburgh, na mwaka 1966 akarudi Nairobi kuanza kazi aliyokuwa ameahidiwa katika chuo kikuu. Akakuta kwamba nafasi ile amepewa mtu mwingine. Hebu wazeni siku ile: binti aliyevuka bahari, mwenye barua mkononi, na mlango umefungwa. Lakini katika chuo hichohicho Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, alikuwa akiijenga idara ya anatomia ya wanyama, naye alitafuta msaidizi ajuaye hasa kazi ya vipande na hadubini. Wangari aliijua. Akachukuliwa. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Mengine, habari za miti na za Nobel ya mwaka 2004, wasomaji wengi wanayajua. Alifariki mwaka 2011.

Hatusemi kwamba kazi ya kiangazi ndiyo iliyomfanya Wangari Maathai. Alikuwa na akili, na ushupavu wake ni mashuhuri. Twasema tu kwamba mlango mmoja ulipofungwa, mikono yake ilikuwa na ufunguo wa mwingine, na sehemu ya ufunguo huo aliichonga katika likizo, katika kazi ambayo pengine wenzake hawakuitamani.

ZILIZO KARIBU NASI

Hapa kwetu hakuna Kansas City. Lakini kila parokia ya msituni ina kituo cha afya karibu, na kila kituo cha afya kina rejista iliyoandikwa nusu, sanduku la kadi zisizopangwa, na muuguzi mmoja asiyelala. Mwanafunzi wa uganga, wa elimu ya viumbe, hata wa hesabu, aweza kwenda kwa muuguzi huyo na kusema, "Nina majuma sita; nipe kazi ya kuandika." Malipo yatakuwa kidogo, mara nyingine chakula tu. Wakati wa chanjo na wa kutafuta wagonjwa, wajumbe wa afya wa vijiji hupewa posho kidogo, na mtu ajuaye kusoma, kuandika na kusema Kiswahili, Lingala na lugha ya kijiji hutafutwa. Aliyekwisha kujua dalili za menenjiti, naye akamkuta jirani mwenye homa na shingo iliyokazika, hatangoja wiki. Banalia mwaka 2021 ilionyesha thamani ya siku moja.

Kijana wa sayansi wa Kisangani ana pia jirani ambaye nchi nyingi zingetamani kuwa naye: Yangambi, kilomita mia moja hivi kushuka Mto Kongo. Kituo kile kilianzishwa mwaka 1933 kwa jina la INEAC, leo INERA. Katika nyumba yake ya mimea iliyokaushwa zimehifadhiwa sampuli zipatazo 150,000, na tangu mwaka 2020 msituni umesimama mnara wa mita 55 unaopima hewa ambayo miti huivuta na kuitoa. Wanafunzi wa Kisangani wamefanya kazi huko pamoja na wataalamu: kuzungusha utepe kwenye shina la mti mita 1.3 juu ya ardhi, kuandika namba, kukausha majani kati ya magazeti. Nafasi hizi si nyingi, na mwenye kuzitaka aanze kuuliza kwa walimu wake tangu Februari. Akingoja Julai amekwisha kuchelewa. Mtoto wa kijiji asijidharau hapo. Anayeijua limbali kwa harufu ya gome lake, na kujua ni wakati gani inapukutisha mbegu, ana elimu ambayo mgeni wa Ulaya atailipia.

Kazi ya kufundisha watoto likizoni tungeweza kuiandikia ukurasa mzima. Tangu karo ya shule za msingi ilipoondolewa, madarasa yamejaa. Mtoto aweza kufika mwaka wa nne bila kusoma sentensi moja, kwa sababu tu mwalimu mmoja hawezi kuwasikiliza watoto themanini. Mwanafunzi akiwakusanya kumi, asubuhi saa mbili tu, chini ya paa la shule iliyofungwa, wazazi hutoa walicho nacho: kuku, debe la mchele, falanga kidogo. Kuku watano si minervali. Lakini hakuna kazi imfunzayo mtu somo lake mwenyewe kama kumweleza mtoto asiyeelewa.

Juu ya kukaa katika ofisi za mjini, ile iitwayo staje, hatuna mengi. Mahali pengine kijana hufundishwa kweli. Mahali pengine hutumwa kununua maji na mikate majuma nane, kisha hupewa barua nzuri yenye muhuri. Barua hiyo haina kitu ndani.

NENO KWA MABINTI

Mabinti wetu hupewa kazi za likizo kwa namna nyingine, na si haki. Kaka huulizwa, "Utafanya kazi gani?" Dada huambiwa, "Shangazi mjini amejifungua, nenda ukamsaidie." Atafua, atapika, atabeba mtoto tangu alfajiri mpaka usiku, na Septemba ikifika atapewa kitenge. Kusaidia ndugu ni jambo jema. Lakini kama binti naye adaiwa minervali, basi saa zake zina thamani ileile, na mzazi amsemee hilo kwa shangazi kabla ya safari.

Tena twamwambia binti waziwazi: kazi ambayo malipo yake hayasemwi, au mwenye kazi ataka mje kuyazungumza jioni peke yenu, usiifuate, hata kama umeletewa na mtu wa ukoo. Na biashara ya kupika machimboni, ambayo wengi huisifu kwa fedha zake, huwafikisha wasichana katika kambi za wanaume mbali na kila jicho la nyumbani. Tumewaona waliorudi. Hatutaandika zaidi.

Kwa wote, wavulana na wasichana, kabla ya kuianza kazi yulizwe mambo machache: nani atalipa, lini, na je, atakubali kuandika? Mbele ya mtu wa tatu, awe katekista, mwalimu au mkuu wa kijiji, maneno huwa mazito zaidi. Fedha zikipatikana zisilale mfukoni. Wengine humwekea mama. Wengine huingia likelemba pamoja na wenzao wa darasa, ili fungu la kila mmoja lifike mwezi ule wa kulipa chuo.

Mwezi wa Novemba mwaka uleule wa 2022 tulikutana Kisangani na yule kijana wa gunia. Tulimwuliza habari. Mjomba alikuwa amempa magunia matatu badala ya mawili. Lori lilikwama siku mbili, gunia moja likalowa. Deni la mwaka uliokwisha amelilipa. La mwaka mpya amelipa nusu, na nusu bado.

"Na mwenzako?"

"Alirudi juma lililopita, baba. Amekonda sana. Lakini alipata almasi ndogo, amelipa yote."

Hatutaficha jambo hilo, kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa. Tukamwuliza masomo yake yako wapi.

"Masomo yamempita ya mwezi na nusu. Usiku ninampa daftari langu, ananakili. Jana alisinzia juu yake."

"Na mama yake?"

"Mama alikuja naye mpaka Banalia," alisema. "Sururu ameiuza sokoni palepale, kabla pikipiki haijaondoka."